Tsavoraiti haikuanzia Tsavo

Jina limewapoteza wengi. Husemwa kwamba tsavoraiti, kito cha kijani kinachochimbwa Taita Taveta, kilivumbuliwa kwanza kwenye kaunti hiyo. Sivyo. Mwanajiolojia Campbell Bridges alikikuta mwaka 1967 ng'ambo ya mpaka, Simanjiro, Tanzania. Alipokosa kibali cha kukipeleka nje, aliufuata mkanda uleule wa miamba hadi Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akakipata karibu na Tsavo. Jina lenyewe lilitangazwa na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York mwaka 1974, likitokana na hifadhi ya Tsavo. Wala si zumaridi, hata kikifanana nayo: ni aina ya ganeti, kundi jingine la mawe ya vito, na ukijani wake hutokana na chembe za metali za vanadiamu na kromiamu.