Je, wajua kwa nini chumba kilekile cha hoteli huuzwa bei tofauti Jumanne na Jumapili?

Kitanda ni kilekile, hata dirisha linatazama ukuta uleule. Ila ukitafuta usiku wa Jumanne utatajiwa bei moja, ukitafuta Jumapili utatajiwa nyingine, na tofauti yake si haba.

Shati lisilonunuliwa leo litauzwa kesho; chumba kilicholala kitupu jana, usiku wake umekwenda. Ndiyo maana hoteli kubwa hupandisha na kushusha bei kila mara kwa kuangalia vyumba vilivyobaki. Ujanja huu ulikomazwa na mashirika ya ndege ya Marekani baada ya serikali kuanza kuyaachia yajipangie nauli mwaka 1978, kisha hoteli zikauiga.

Basi kabla ya kubuku, jiulize: mtaa huu hulaza nani? City, eneo la mabenki jijini London, hulaza watu wa kikazi wanaolipiwa na kampuni. Ijumaa wakiondoka, bei nazo huteremka. Las Vegas, jiji la starehe huko Marekani, ni kinyume chake: wikiendi ndiyo ghali, katikati ya wiki kuna nafuu, isipokuwa Januari yanapofanyika maonyesho ya teknolojia ya CES, maana hapo kila hoteli hujitwalia itakacho. Mimi ningeutega usiku wa Jumapili: mara nyingi watalii wameshafunga mabegi na watu wa kikazi hawajafika.

Usidanganywe na bei ya kwanza unayoiona. Amsterdam, tangu 2024, hutoza kodi ya utalii ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Chumba cha mbali nacho huonekana rahisi mpaka ujumlishe nauli za kila siku.

Tovuti za kubuku huikata hoteli kamisheni, kwa hiyo ipigie hoteli yenyewe. Isipopunguza bei, huenda ikakuongezea kifungua kinywa au ikakuruhusu kuchelewa kutoka.

Lakini mbinu ninayoiamini kuliko zote ni kuchukua mapema chumba kinachoruhusu kughairi bure, kisha kuendelea kuchungulia bei. Ikishuka, buku upya kwanza, ndipo ughairi kile chumba cha awali. Soma vizuri mwisho wa kughairi: kwa kawaida saa inayohesabiwa ni ya jiji ilipo hoteli, si ya kwako.