Sekunde 7 za sempo sio za bure, na jinsi ya kukata ya kwako mwenyewe

Sempo ni kipande cha sauti unachokata kwenye rekodi na kukitumia kwenye wimbo mwingine. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, kaja hapa kitengo chetu cha sauti chuoni na flashi, anataka tumsaidie kumalizia wimbo. Biti kali kweli, ila gita linalozunguka mwanzo mwisho kalitoa kwenye rekodi ya bendi ya zamani, kakata sekunde 5 akaziweka lupu, yani zinajirudia bila kukatika. Nikamuuliza ruhusa unayo? Akanijibu mwalimu, chini ya sekunde 7 haina shida. Hii ya sekunde 7 naisikia toka Tunduma mpaka Iringa mjini na inaniuma, kwasababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina hicho kipimo kabisa.

Kwenye kipande kimoja cha muziki kuna haki mbili. Kuna utunzi, yani melodi na mashairi, huu unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, halafu kuna rekodi yenyewe ambayo nayo ina mwenyewe, mara nyingi aliyeigharamia. Kwahiyo ukikata gita lile unabisha hodi milango miwili, na unabisha kabla wimbo haujatoka. COSOTA, ile taasisi ya hakimiliki Tanzania, wapo, waulizeni wawaelekeze.

Nani anaumia? Mwaka 1969 kule Marekani Gregory Coleman wa The Winstons alipiga dramu peke yake sekunde 6 hivi ndani ya wimbo Amen, Brother. Vile vipigo vimekatwa na kuingizwa kwenye maelfu ya nyimbo za hiphop na za kielektroniki, na yeye kafariki 2006 bila kupata mrabaha wowote. Mi kila nikifundisha sempo naanza na huyu.

Haya, sasa kukata. Ukirekodi mvua ya Tukuyu kwenye bati, au treni ya TAZARA inavyofunga breki pale stesheni ya Iyunga, hiyo rekodi ni yako. Tafuta kishindo kimoja kizito ukifanye kiki, yani lile dramu la chini, kingine chepesi kiwe sneya, ile dramu ya mlio mkali. Kata pale mstari wa wimbi la sauti kwenye skrini unapovuka sifuri, yani ule mstari wa katikati, la sivyo utasikia "tik" kila lupu inaporudi, na bado likisikika fifisha milisekunde chache mwanzo na mwisho. Tempo, yani mapigo kwa dakika, piga hesabu: 60 zidisha na idadi ya mapigo, gawanya kwa urefu wa lupu kwa sekunde, mfano mapigo 4 ndani ya sekunde 2.4 ni tempo 100. Ukiongeza spidi mara mbili kwa njia ya kawaida sauti inapanda oktavu nzima na lupu inabaki nusu, ndo maana vokali zinageuka za katuni. Ukitaka pichi, yani ujuu wa sauti, ibaki palepale tumia kitufe cha kunyoosha muda ila usinyooshe sana, sauti inaanza kukwaruza. Halafu punguza besi kwenye sempo, wengi wanasahau hapa, kiki na gita vinagombania sehemu moja mpaka wimbo unakuwa mzito kama uji.

Na kama una mzee kijijini Iringa anapiga ligombo, zeze la nyuzi la Wahehe, nenda karekodi, mlio wake haufanani na chochote kilichopo kwenye maktaba za sempo za kununua, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa asili, alikuja na mashine zake mwaka 1950 akarekodi hukuhuku Uheheni. Ila mpigaji naye ana haki, neno hakishiriki kwenye ile sheria linamhusu yeye, kwahiyo andikianeni karatasi ya makubaliano, jina lake liwepo kwenye wimbo na mgao ujulikane kabla hujabonyeza rekodi.

Yule kijana gita kalitoa. Jumamosi kaenda Iyunga na simu, kanitumia kishindo cha behewa kwa voisi ya WhatsApp, nikamwambia hapana, pale sauti inabanwa na utamu wote wa juu unapotea, leta faili zima la wav, lile lisilobanwa, kwa flashi. Na nyie mkija njooni hivohivo, tutakata pamoja.