Jasho la mwili mzima: si kila shuka likilowa ni malaria

Hapa kituo chetu cha afya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kila wiki lazima mtu akae kwenye benchi aseme musawo (yaani daktari), mimi natoka jasho mwili wote kama nimemwagiwa maji, nipe dawa ya kulikausha. Maswali ni yale yale, kwahiyo nayajibu hapa, na lile la malaria nitalijibu zaidi ya mara moja maana ndilo linaloumiza watu.

Jasho lililozidi ni lipi?

Ukilima saa saba mchana mwezi wa kwanza ukatoka jasho, mwili unafanya kazi yake ya kujipoza, usiogope. Lililozidi ni lile lisiloendana na joto wala kazi: umekaa kivulini umetulia na shati limegandana na mgongo, ama umelala usiku wa baridi unaamka shuka limelowa mpaka unabadilisha nguo.

Kuna watu wanatoka jasho viganjani, kwapani, nyayoni ama usoni tu, pande zote mbili sawa, ilianza utotoni ama ujanani, mara nyingi hata mama ama baba yake alikuwa hivyo, na akilala linakata. Hilo linasumbua lakini haliui. La mwili mzima lililoanza ukubwani, tena linakuja hata usingizini, hilo kwa kawaida lina kitu nyuma yake. Hicho kitu ndicho kinachotibiwa. Ukitibu jasho lenyewe ukaacha chanzo, ugonjwa unaendelea kukula polepole.

Jasho la usiku si ni malaria tu?

Hapana. Malaria inaleta homa, baridi ya kutetemeka, kichwa, viungo kuuma, na jasho linakuja homa ikishuka. Na inajulikana kwa kipimo tu, tone moja la damu ya kidole na majibu baada ya kama dakika 15 hadi 20. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Lakini watu wanapita kituo cha afya wanaenda duka la dawa, wanasema nipe Coartem, wanapewa, wanameza, wiki tatu baadaye wanarudia.

Nimeona mzee mmoja amekuja na kaveera, mfuko wa plastiki, ndani paketi tupu za dawa ya malaria za miezi kadhaa, nyingine za kampuni tofauti, akazipanga mezani moja moja kunionyesha kwamba yeye hajakaa bure, amejitibu. Suruali ameifunga na kamba kiunoni. Makohozi yake yalikuwa na TB. Nyumbani analala chumba kimoja na wajukuu.

Mbona nikimeza ya malaria nasikia nafuu?

Kwa sababu mara nyingi unaimeza pamoja na panadol, na panadol inashusha homa yoyote, iwe ya malaria, ya TB ama ya kitu kingine. Homa ikishuka jasho linatoka afu unajisikia mwepesi. Tena homa ya TB yenyewe inapanda jioni na kushuka, siku nyingine kali siku nyingine kidogo. Ile nafuu haimaanishi umepona, usiitegemee.

Kipimo kimesema hakuna malaria, nimeze tu kwa usalama?

Hapana, nasema tena hapana. Kipimo kikisema hakuna malaria na jasho linaendelea, kazi ndo inaanza, si kumeza. Kila dozi unayomeza bure ni wiki nyingine umechelewa, na wiki hizo unakohoa ndani ya nyumba na watoto wako. Mwenye TB ya mapafu asipotibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 wa karibu yake kwa mwaka.

Basi hilo jasho la usiku ni nini?

Huku kwetu kitu cha kwanza kuwaza ni TB, na pamoja nayo HIV. Uganda iko kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani, kwahiyo hatuwazi mambo ya mbali. Jasho la usiku, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kukonda: ukiwa na kimoja tu kati ya hivyo njoo upimwe makohozi. Mwenye HIV asisubiri wiki mbili, akikohoa tu aje. Kupima na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, kama hujui uanzie wapi muulize VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji chako.

Dawa za TB ya kawaida ni miezi 6. Ndani yake kuna rifampicin ambayo inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hata machozi na jasho lenyewe linaweza kupaka rangi kola ya shati jeupe. Si damu, usikimbie dawa. Wengi jasho la usiku linapungua wiki chache za kwanza, na hapo ndipo mtu anasema nimepona anaacha. Ukiacha, TB inarudi, na inaweza kurudi imezoea dawa. Maliza miezi yote.

Nimepimwa TB, malaria na HIV, vyote hamna. Sasa?

Tunaangalia mengine ya kawaida. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi: unasikia joto wakati wenzako wamevaa sweta, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, unakula vizuri lakini unakonda, pengine shingo imevimba. Hiyo inapimwa kwa damu, ina vidonge vyake kama carbimazole, na propranolol inatuliza moyo na mitetemo wakati unasubiri hivyo vingine vifanye kazi. Tezi likitulia jasho nalo linatulia.

Akina mama wa miaka kama 45 hadi 55, joto linapanda ghafla kifuani mpaka usoni, jasho, dakika chache limepita, na hedhi imeanza kuruka. Ni ukomo wa hedhi, hujarogwa. Vaa nguo nyepesi, punguza pombe, na likikuzidi kuna tiba ya homoni ambayo daktari anaangalia kwanza kama inakufaa.

Wenye sukari wanaotumia insulini ama glibenclamide wanisikilize. Jasho la baridi la ghafla, kutetemeka, njaa, kuchanganyikiwa, maana yake sukari imeshuka, na hiyo haingoji. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida yenye sukari, baada ya dakika 15 kama bado rudia, ukitulia kula chakula. Akizimia msimmiminie kitu mdomoni, mleteni mbio.

Alafu dawa na pombe. Tramadol ambayo vijana wengi wa boda wanameza ili wasichoke inatoa jasho ukiimeza, na ukiizoea ukaiacha ghafla inatoa tena. Waragi vilevile, asubuhi unatetemeka na kulowa mpaka unywe tena, ukifika hapo usiache peke yako nyumbani, njoo tukusaidie. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo pia zinaleta jasho, na hata vile vidonge vya kuongeza mwili vinavyouzwa bila jina, vingine vina steroidi ndani. Nitajie kila unachomeza, sitakugombeza.

Hakuna dawa ya kuzuia jasho lenyewe?

Ipo, lakini baada ya kutafuta chanzo. Ya kupaka yenye alumini inasaidia kwapa, viganja na nyayo, unapaka usiku ngozi ikiwa kavu kabisa, asubuhi unaosha, kila usiku mpaka lipungue alafu unapunguza siku. Mwili mzima huwezi kuupaka. Deodoranti ya harufu nzuri tu haizuii jasho, inafunika harufu.

Za kumeza ni kama oxybutynin, glycopyrronium na propantheline. Zinazuia ujumbe wa mishipa ya fahamu usifike kwenye vitezi vya jasho mwili wote, kwahiyo kwa jasho la mwili mzima lisilo na chanzo hizi ndizo zinazofikiriwa, kwa kuanza na kiasi kidogo. Lakini zinakausha na mdomo, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu, mkojo unaweza kugoma. Mzee mwenye tezi dume lililovimba ama mtu mwenye presha ya macho asijaribu bila daktari, na wazee wanaweza kuchanganyikiwa akili. Anayelima ama kufyatua matofali juani awe mwangalifu zaidi, mwili usiotoa jasho haujipozi, unaweza kuanguka na joto.

Sindano za botoksi na mashine ya umeme mdogo ndani ya maji ni za sehemu ndogo, kwapa kwa sindano, mikono na miguu kwa mashine. Upasuaji wa kukata mshipa wa fahamu kifuani hufanywa hasa kwa jasho la mikono, na wengi baadaye linahamia mgongoni na tumboni. Mwenye jasho la mwili mzima haumfai.

Nikijifukiza, ama nikiacha kunywa maji, litaisha?

Kujifunika blanketi na sufuria ya majani yanayochemka kunakutoa maji mengine ambayo tayari huna, na nimeshafunga vidonda vya watu waliomwagikiwa na hiyo sufuria. Na ukiacha maji jasho halikomi, unakauka tu, kichwa kinauma, mkojo unakuwa kama chai. Kunywa maji, ukilowa sana tumia na ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji.

Lini nisingoje hata kesho?

Jasho la baridi na kifua kubana, maumivu yanayoenda mkononi ama tayani, kupumua kwa shida: inaweza kuwa moyo, panda boda sahivi. Kukohoa damu. Mama mjamzito ama mtoto mwenye homa, apimwe siku hiyo hiyo.

Nimeshameza dozi mbili za malaria na bado nalowa usiku. Nije lini?

Kesho asubuhi. Usingoje mavuno, usingoje mnada, usipitie duka la dawa kuchukua antibiotiki njiani. Tutakupa kikopo, utatoka nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kohoa kutoka chini kabisa kifuani, tunataka makohozi mazito si mate, alafu funga kifuniko kikaze. TB ikionekana, walete wote mnaolala nao nyumba moja, na watoto wa chini ya miaka 5 uwalete wa kwanza, kuna dawa ya kuwakinga kabla hawajaugua.