Kuchomoa betri hakuponyi gari linalowasha taa ya injini

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: taa ya cheki injini ikiwaka kwenye gari la zamani, chomoa terminali ya betri dakika 15, rudisha, tatizo limeisha.

Taa kweli huzima mara nyingi, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kilichofutika ni kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Hitilafu yenyewe iko palepale. Kompyuta huanza kujipima upya, na safari kadhaa baadaye taa hurudi. Kabla haijarudi, fundi akichomeka mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta), anakuta vipimo vingi havijakamilika na ushahidi umepotea.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996 yana soketi ya kuchomeka mashine hiyo, iitwayo OBD-II, chini ya dashibodi, upande wa dereva. Ya zamani zaidi, mengi hutoa kodi kwa taa kumweka, ukiunganisha pini fulani. Kila aina na utaratibu wake. Andika kodi kabla ya kufuta chochote. Tena, kodi haikuambii ununue kifaa gani: P0171 inasema mchanganyiko una petroli kidogo mno kwa hewa iliyopo, na huenda ni mpira wa hewa uliopasuka tu, wala si sensa (kifaa cha kupima) mbovu. (Sensa nyingi zisizo na kasoro zimetupwa hivyo.)

Taa ikimwekamweka, punguza mwendo na usimame: injini inamisi (haichomi petroli sawasawa), na masega ya ekzosi, yaani kisafisha moshi, yanaweza kuungua.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.