Bei inayotajwa si bei inayolipwa: ulanguzi wa vitu adimu katika minada ya mtandaoni

Mwezi uliopita Papa mmoja, yaani mzee, wa mtaa wa Kamalondo, fundi wa redio aliyestaafu, alifika kwenye dawati letu la elimu kwa walaji hapa Lubumbashi, Kongo, akiwa na simu ya mjukuu wake mkono mmoja na kikaratasi kilichokunjwa mara nne mkono wa pili. Kwenye kikaratasi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: Shure N44-7. Hiyo ni sindano ya santuri, kifaa kisichozidi urefu wa kifundo cha kidole, na bila hicho sahani zake zote za rumba hubaki kuwa mapambo ya ukutani. Tangazo la mnada kwenye simu liliitaja kwa dola 280, likiongeza maneno «halisi, adimu mno, ya mwisho kabisa». Akaniuliza: «Mwanangu, hii ni bei ao ni wizi?»

Swali hilo hutufikia kwa sura nyingi. Huja na mpiga picha anayetafuta betri ya kamera ya zamani, huja na Mama mwenye cherehani ambayo gurudumu lake la meno limevunjika na halitengenezwi tena, huja na mkusanyaji wa stempu. Wote wanatafuta kitu chenye wateja wachache duniani na wauzaji wachache zaidi, na wote hukutana na mtu yule yule katikati: mchuuzi anayenunua si kwa sababu anakihitaji kitu hicho, bali kwa sababu anajua kuna mwingine atakayekihitaji.

Ili kuelewa kwa nini mchuuzi huyo anaweza kutaja bei yoyote, tuanzie kwenye unga. Katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, muuzaji akikutajia meka (kipimo cha sokoni) ya unga wa mahindi kwa bei ya ajabu, unageuka tu na kuuliza meza ya pili. Hata Zambia inapozuia mahindi yake yasivuke mpaka wa Kasumbalesa na bei ikapanda mjini mwote, kila mama anajua ilikuwa ngapi juma lililopita, ni ngapi leo, na sababu ni nini. Maarifa hayo ya pamoja ndiyo yanayomzuia muuzaji. Sindano ya santuri haina soko la namna hiyo. Mnunuzi hainunui kila juma. Pengine hununua mara moja katika miaka kumi, yuko peke yake mbele ya kioo cha simu, na bei ya kwanza anayoiona ndiyo inayogeuka kuwa kipimo chake cha bei nyingine zote. Ulanguzi hauhitaji zaidi ya hapo: wauzaji wachache machoni, na mnunuzi asiye na bei ya kulinganishia.

Hata hivyo ni lazima tuwe waadilifu. Si kila anayenunua na kuuza tena kwa faida ni mlanguzi. Anayezunguka kwenye magulio ya vitu vya zamani, akatambua kifaa ambacho wengine wangekitupa, akakisafisha, akakijaribu, akakitunza miaka miwili hadi mteja atokee, amefanya kazi na anastahili malipo, hata kama malipo hayo ni mara mbili ya alichotoa mfukoni. Tunayemwita mlanguzi ni yule anayeutengeneza uhaba kwa mikono yake. Mwaka 2018 kampuni ya Shure ya Marekani ilipotangaza kwamba inaacha kutengeneza vichwa vya santuri, yaani sehemu inayoshika sindano, na sindano zenyewe, wako walionunua moja ya kutumia, na wako walionunua makasha mazima kwa nia ya kuyafungia ndani hadi rafu za maduka zikauke. Mwezi wa Novemba 2020, mashine ya michezo ya PlayStation 5 ilipotoka, walanguzi walitumia hata programu za kompyuta zilizonunua kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi kuifikia, na mashine hizo zikarudi mnadani siku hiyo hiyo kwa bei iliyopandishwa. Walanguzi wa aina hii hupenda kutujibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanasahau kusema kwamba ni wao waliokisukuma mvunguni.

Kuna aina nyingine inayostahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyomnasa Papa wetu. Tulipoketi naye na kupekua, tulikuta matangazo matatu ya sindano ile ile, kutoka kwa wauzaji watatu wa miji mitatu, kwa dola 265, 280 na 299. Tukazikuza picha. Kasha lilikuwa na mkunjo mdogo pembeni upande wa kushoto, na kwenye ukingo wa chini ilionekana kucha ya kidole gumba yenye doa jeupe. Mkunjo ule ule, kucha ile ile, katika picha zote tatu. Kwa maneno mengine, huenda sindano ilikuwa moja tu, na wawili kati ya watatu hao hawakuwa nayo kabisa: walinakili picha, wakaongeza bei, na wangeinunua kwa mwenzao pindi mteja akishalipa. Mnunuzi anaona wauzaji watatu wanaokubaliana juu ya bei, kumbe anasikia sauti moja na mwangwi wake.

Mwangwi huo unaweza kufika mbali. Mwaka 2011 mwanabiolojia Michael Eisen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza jinsi kitabu kimoja cha kitaalamu kuhusu nzi kilivyofikia dola 23,698,655.93 kwenye Amazon, bila kuhesabu gharama ya usafirishaji. Wauzaji wawili walikuwa wameiachia kompyuta kazi ya kupanga bei. Wa kwanza alijipangia kila mara asilimia 99.83 ya bei ya mwenzake, ili awe chini yake kidogo. Wa pili alijipangia mara 1.270589 ya bei ya wa kwanza, na maelezo yanayoingia akilini ni kwamba hakuwa na kitabu hicho, hivyo alihitaji faida ya kutosha ili akinunue kwa mwenzake kwanza. Kila siku mmoja alipanda juu ya mabega ya mwingine, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba wamevuka milioni 20. Papa alicheka sana kusikia kisa hiki, kisha akanyamaza, akaitazama tena ile dola 280.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalomfundisha kila mnunuzi ni kutofautisha bei inayotajwa na bei iliyolipwa. Bei inayotajwa ni matamanio ya muuzaji, na haimgharimu chochote kuyaandika. Bei iliyolipwa ni ushahidi. Kwenye eBay, tovuti ya minada, kuna kichujio kinachoonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa, kwa kawaida katika siku 90 zilizopita. Wengi hawakijui kwa sababu kimefichwa chini kabisa ya orodha ya vichujio, na katika simu unapaswa kushuka kwa kidole hadi karibu mwisho wa ukurasa. Kwa santuri zenyewe, tovuti ya Discogs huonyesha bei ya chini, ya kati na ya juu ambayo sahani fulani imewahi kuuzwa pale. Tulipokitumia kichujio hicho kwa sindano ya Papa, zile zilizouzwa kweli zilikuwa karibu na dola 60 na chache zilizidi kidogo hapo. Ile ya 280 ilikuwa imekaa miezi bila mnunuzi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bei nayo hujitembeza.

Neno «adimu» lenyewe lisomwe kama tangazo, si kama habari. Sisi wa Katanga tuna mfano wetu wa nyumbani: sarafu za faranga 1 na faranga 5 za mwaka 1961, zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Nchi iliyozitoa, Katanga iliyojitenga na Kongo, ilidumu chini ya miaka mitatu, na mtu wa Ulaya akisikia hivyo anadhani sarafu zimebaki tano. Za shaba nyeusi hupatikana kwa wingi minadani mwaka mzima. Uchache wa historia si uchache wa kitu.

Sasa tuje kwenye mnada wenyewe, ambapo wengi wetu hukosea kwa kuudhani kuwa ni kama mnada wa uwanjani, dalali akipiga kelele na watu wakinyoosha mikono. eBay, iliyoanza mwaka 1995 kwa jina la AuctionWeb, hukuomba utaje kiwango cha juu kabisa unachokubali kulipa, kisha mfumo wenyewe unakuwekea dau kidogo kidogo kwa niaba yako. Tuseme wewe umetaja dola 120 na mshindani wako wa karibu ametaja 45. Hutalipa 120, utalipa 46, yaani dau lake pamoja na hatua moja ya nyongeza. Mwanauchumi William Vickrey alichambua mnada wa namna hii mwaka 1961, ule ambao mshindi hulipa kwa kipimo cha dau la pili, akaonyesha kwamba mnunuzi hana sababu ya kudanganya: ataje thamani halisi ya kitu kwake na kukaa kimya. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Lakini utaratibu huu mzuri una mlango wa nyuma. Muuzaji asiye mwaminifu, au shemeji yake, hufungua akaunti ya pili na kuweka madau bandia: 60, halafu 80, halafu 100, akitafuta dari yako kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Akikaribia anasimama, nawe unashinda kwa 102.50 kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitaka zaidi ya 45. Jambo hili limekatazwa na kanuni za tovuti zenyewe, na dalili zake zinaonekana ukifungua historia ya madau: mshiriki asiye na sifa zozote za awali, ambaye sehemu kubwa mno ya madau yake yako kwa muuzaji huyo mmoja. Ndiyo maana tunashauri dau liwekwe mara moja, dakika za mwisho, kwa kiwango ulichokiandika kwenye karatasi kabla hujafungua simu. Anayeongeza dola tano tano usiku kucha hashindani tena juu ya sindano.

Wengi hutuuliza kama sheria haiwezi kuwakamata walanguzi. Jibu ni gumu kuliko wanavyotaka. Sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018, inayohusu uhuru wa bei na ushindani katika nchi yetu, inasimama juu ya kanuni kwamba bei huwekwa kwa uhuru, isipokuwa kwa mambo machache kama mafuta ya gari, maji na umeme. Hata kule wauzaji waliko, sheria dhidi ya kupandisha bei zimeandikwa kwa ajili ya dharura: California, kwa mfano, hukataza ongezeko la zaidi ya asilimia 10 kwa bidhaa za lazima baada ya hali ya hatari kutangazwa. Mwezi wa Machi 2020 eBay ilipiga marufuku matangazo ya barakoa na dawa za kusafishia mikono kwa sababu watu walikuwa wanaugua. Hakuna serikali itakayotangaza hali ya hatari kwa sababu ya sindano ya santuri.

Kinachobaki ni hesabu, na hesabu ya Lubumbashi si hesabu ya Brussels. Tuseme sindano ni dola 60, kuifikisha kwa ndugu aliye Ubelgiji ni 10, na wakala wa mizigo anadai 15 hadi hapa: 85. Tukichukua ushuru wa dwani, yaani forodha, wa asilimia 10, tunafika 93.50, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu yake inatupeleka 108.46, kabla ya makato ya kadi na pikipiki ya kwenda kuichukua. Mchuuzi wa mjini anayekuuzia kwa 140, akikuonyesha kifaa mkononi, hajakuibia. Amebeba hatari ambayo ungeibeba wewe, tena kubwa kuliko unavyodhani: dhamana ya eBay ya kurudishiwa fedha haifuati mzigo uliopokewa kwenye anwani moja na kutumwa tena kwenye anwani nyingine. Sindano ikifika Brussels nzima na Lubumbashi imevunjika, hasara ni yako. Kwa hiyo ndugu wa Ubelgiji afungue kasha, apige picha, na alalamike akiwa bado ndani ya siku 30.

Ila mchuuzi wa mjini anayeandika kwenye kikundi cha WhatsApp «bei njoo inbox», huyo muulizeni mara mbili, kwa namba mbili tofauti. Tulijaribu. Mwalimu alitajiwa 150, na mfanyakazi wa kampuni ya mgodi, siku hiyo hiyo, akatajiwa 220.

Papa hakuinunua Shure. Kampuni ya JICO ya Japani, iliyoanza mwaka 1873 kwa kutengeneza sindano za kushonea, hutengeneza hadi leo sindano zinazoingia kwenye kichwa kile kile, na mjukuu wake aliyeko Liège, Ubelgiji, alimletea moja mfukoni mwa koti. Juzi alinipigia simu, akaiweka karibu na spika nisikilize. Baadaye nilifungua lile tangazo la dola 280, kwa udadisi tu. Bado lipo, pamoja na ile kucha. Sasa wameandika 295.