Salfa ya mkorosho na midomo iliyobabuka
Kila msimu makundi ya WhatsApp ya Mtwara hurudishiana ujumbe kwamba korosho ya shamba lililopuliziwa salfa ni sumu, na kwamba anayeibangua kwa meno akababuka midomo ameshaupata ushahidi. Kinachobabua ni mafuta ya ganda, ambayo hata mkorosho usioguswa na dawa unayo. Salfa hupulizwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mkorosho, hasa wakati wa maua, na kiini hukua ndani ya ganda gumu. Bibo, tunda la mkorosho lisilo na ganda, lioshwe. Mabaki ya viuatilifu hayapimwi kwa macho wala ulimi: maabara hutafuta miligramu kwa kila kilo, kisha hulinganisha na kiasi kinacholiwa na uzito wa mlaji. Ujumbe usio na vipimo hivyo tusiusambaze. Mwenye kuhitaji tahadhari zaidi ni mpulizaji asiye na barakoa.