Randa, vidole na neno "tumemalizana"

Ukipita kwenye karakana za mbao hapa Tabora asubuhi, utaisikia randa, mashine ya kulainisha mbao, kabla hujaiona. Mninga ni mgumu. Kisu kikikutana na fundo la mti, mlio unapanda ghafla kisha unashuka. Kazi yangu ni usalama mahali pa kazi, na mlio ule bado hunisimamisha.

Kijana mmoja alinionyesha mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada na cha kati vimeishia kwenye kiungo cha katikati. Alikuwa anaranda kipande kifupi cha mguu wa stuli, anakisukuma kwa kiganja. Kava ya kisu ilishaondolewa zamani, eti inachelewesha kazi. Tena alivaa glavu ili asichomwe na vibanzi, na glavu ndiyo iliyomponza: kisu kinachozunguka kikinasa kitambaa, kinavuta na mkono. Glavu ni za kubebea mbao. Kwenye randa na msumeno wa duara mikono iwe mitupu, shati likunjwe juu ya kiwiko, na kipande kifupi kisukumwe kwa kijiti, kamwe si kwa vidole.

"Bosi alinitibia, akanipa laki mbili na debe mbili za mahindi," aliniambia. "Tumemalizana, kaka."

Neno hilo linaniuma kila ninapolisikia. Bosi wake si mtu mbaya, alimkimbiza hospitali mwenyewe. Lakini hakuna kilichomalizika.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtambua hata kibarua aliyepatana kwa mdomo na anayelipwa kwa kazi aliyofanya. "Sina mkataba" si mwisho wa habari. Wala mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kuwa bosi ndiye aliyekosea. Kinachoangaliwa ni kama aliumia kazini. Mfuko wa Fidia, WCF, unagharimia matibabu, na anapokuwa nje ya kazi unamlipa asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Kijana huyu alikuwa anapata 240,000 kwa mwezi na alikaa nyumbani miezi mitatu. Piga hesabu: 168,000 mara tatu ni 504,000, na hapo vidole vyenyewe havijaguswa. Ulemavu wa kudumu unapimwa peke yake. Ukizidi asilimia 30, mtu analipwa pensheni kila mwezi. Usipozidi hapo, analipwa kwa mkupuo.

Sasa nizungumze na mabosi, maana wengi wanaukwepa Mfuko wakidhani ni kodi nyingine. Tangu 2022 mchango wa mwajiri wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mafundi watano wa 240,000 kila mmoja, jumla 1,200,000, ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Laki mbili ulizotoa mfukoni zingelipa karibu miaka mitatu ya mchango huo. Kujisajili ni wajibu wa kisheria, na kufunika sehemu za mashine zinazozunguka ni wajibu vilevile, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003.

Ajali ikitokea: zima mashine, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, nenda hospitali. Kisha andika tarehe, saa, mashine gani, nani aliona. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa WCF ndani ya siku saba, na mfanyakazi asiache miezi 12 ipite, haki yake isije ikapotea. Vyeti vyote vya hospitali vitunzwe. Nimewahi kuona kimoja kimefungiwa sukari.

Ajali ya kijana huyu ilikuwa na miezi minane. Tuliketi na bosi wake kwenye benchi lao la kazi tukaanza kujaza fomu, bosi mwenyewe akisoma majina ya mashahidi. Katikati ya kazi hiyo akainama, akapekua chini ya meza na kutoa kava ya randa, imejaa maranda, boliti zake bado zimening'inia.